Ada ya Maegesho Yavuruga Bajeti za Likizo Florida

Machi 2018, hoteli za Walt Disney World, Florida, zilianza kuwatoza wageni ada ya kuegesha gari: dola 13, 19 au 24 kwa usiku, kutegemea daraja la hoteli. Familia yenye gari, ikilala usiku saba katika daraja la juu, ililipa dola 168 zaidi ya bei ya chumba. Hapo hesabu hubadilika: kupunguza usiku mmoja, kubana chakula, au kulala hoteli za nje. Januari 2023 ada hiyo ilifutwa. Tangu Mei 2025, kanuni ya Marekani inazitaka hoteli zote zijumlishe ada za lazima katika bei inayotangazwa. Mwekezaji azingatie: mteja hupima jumla, si bei ya tangazo.