Kutokuwapo, Kukosa na Kunyimwa: Tatizo la Kutafsiri Maneno ya Ukosefu, kwa Mifano ya Mathare

Utangulizi

Wanafunzi wa tafsiri huambiwa mapema kwamba maneno magumu kuhamisha ni yale ya utamaduni: majina ya vyakula, mavazi, mila na ala za muziki. Makala hii inakusudia kujadili ugumu wa aina nyingine, ambao umejificha katika maneno yanayodhaniwa kuwa mepesi, yaani maneno yanayotaja kisichokuwapo. Kiingereza kina "absence", "lack", "shortage", "missing" na kiambishi tamati "-less". Maneno haya hujitokeza mno katika maandishi yanayohusu mitaa ya mabanda ya Nairobi. Yanapotafsiriwa kwa Kiswahili, aghalabu hukusanywa yote chini ya nomino moja, ukosefu: ukosefu wa maji, ukosefu wa vyoo, ukosefu wa makazi, ukosefu wa usalama.

Tumeteua mifano ya Mathare kwa kuwa bonde hilo, lililo kati ya barabara za Juja na Thika, limeandikwa sana kwa Kiingereza ilhali wakazi wake huzungumza Kiswahili, Sheng na lugha zao za kwanza. Huko tafsiri ni kazi ya kila siku: katika mabaraza ya chifu, katika vipeperushi, katika mahojiano ya watafiti na katika taarifa zinazopelekwa mahakamani. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kina mfumo mpana wa kutaja ukosefu, na kwamba mtafsiri anapoteua neno moja katika mfumo huo huwa anaamua pia, ajue asijue, ni nani atakayeonekana kuwa chanzo cha ukosefu unaosemwa.

Kutokuwapo na mahali

Nomino "absence" inaweza kusimama peke yake bila kudokeza ni wapi kitu hakipo. Kiswahili hakikubali hilo kwa wepesi. Hata nomino-kitenzi tunayoitumia kuitafsiri, kutokuwapo, imebeba ndani yake kiambishi -po cha mahali. Tunaposema "hayupo" tunakanusha mahali mahususi; "hayuko" hukanusha mahali pasipo dhahiri; "hayumo" hukanusha ndani. Mgawanyo huohuo unaonekana katika "hapana", "hakuna" na "hamna". Kwa hiyo mtafsiri wa Kiingereza kwenda Kiswahili hulazimika kuuliza swali ambalo matini chanzi haikulijibu: hakuna wapi?

Swali hilo si la kisarufi tu. Tuchukue mfano wa "Hamna maji", kauli ambayo afisa anaweza kuwatamkia wakazi mkutanoni. Kauli hii ina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani ya tangi au bomba fulani hamna kitu. Ya pili ni kwamba ninyi, mliokusanyika hapa, hamna maji. Maana ya kwanza inataja hali ya chombo, nayo ya pili inataja hali ya watu. Muktadha usipotegua utata huo, mfasiri wa kuandika hana budi kuchagua, na kila chaguo litazaa ripoti tofauti.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba Kiswahili hakitumii kitenzi kimoja cha umiliki kama "have" ya Kiingereza. Huunganisha kuwa na kiunganishi na: mtu "ana" kitu kwa maana ya kwamba yu pamoja nacho. Hivyo "hana" hueleza kutengana kwa mtu na kitu, bila kusema kama walipata kuwa pamoja wala nani aliyewatenganisha. Ni neno lisiloegemea upande wowote, na kwa sababu hiyo ni kimbilio zuri pale ambapo matini chanzi nayo imenyamaza.

Majina ya mahali yanaweza kuhifadhi kumbukumbu ya kilichoondoka. Mathare ni neno la Kikuyu litajalo miti ya jamii ya Dracaena. Leo mgeni hukutana na mabati na maghorofa kabla hajauona mti, lakini jina limebaki. Mojawapo ya vijiji vya bonde hilo huitwa Mashimoni, na shimo, tukilitazama vyema, ni utupu uliopewa jina na mahali.

Wenye jina na wasio na jina

Kiambishi "-less" ni chepesi sana kwa Kiingereza. Hubandikwa kwenye nomino yoyote na kuzaa kivumishi. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, lakini kina hazina ya nomino za watu waliopungukiwa na jambo mahususi. Asiye na meno ni kibogoyo. Asiyepata mtoto ni mgumba. Aliyefiwa na mzazi ni yatima. Asiye na mali ni mkata, na aliyeachwa peke yake ni mkiwa. Tukiyatazama majina haya tunaona kwamba yanataja ukosefu wa mwili, wa ukoo na wa riziki, ambao jamii za pwani na bara ziliujua tangu zamani.

Ukosefu unaoletwa na jiji haukupata majina ya aina hiyo. Hatuna nomino moja ya mtu asiye na mfereji wa maji, asiye na hati ya ardhi au asiye na kitambulisho. Tunalazimika kutumia kirai chenye kirejeshi: asiye na makao, wasio na ajira. Wapo wanaoona huo ni upungufu wa lugha na kutaka istilahi mpya ziundwe. Kwa maoni yetu kirai kina manufaa yake. Jina humgandisha mtu katika hali yake kana kwamba alizaliwa nayo, lakini "asiye na" huacha nafasi ya siku ambayo atakuwa nayo.

Kukosa na kosa

Kitenzi kukosa ndicho msingi wa ukosefu, nacho kina jamaa wengi. Maana yake ya awali ni kutafuta bila kupata, au kulenga bila kupiga. Mtu huenda kwa rafiki yake akamkosa. Mwindaji hurusha mshale ukamkosa mnyama. Kwa hiyo "wanakosa maji" hudokeza kwamba watu wametoka na mitungi yao, wakayatafuta, wasiyapate. Hapa Kiswahili kinasema zaidi ya "lack", ambayo haina dokezo lolote la juhudi.

Lakini mzizi huohuo umezaa kosa, kukosea, mkosaji na mkosefu. Katika sala za Kikristo mkosefu ni mwenye dhambi. Mwelekeo huu haukuanza na Kiswahili. Kigiriki cha kale kina kitenzi hamartano, ambacho katika tenzi za Homer hutumika kwa mkuki unaokosa shabaha, na nomino yake hamartia ndiyo inayomaanisha dhambi katika Agano Jipya. Lugha mbili zisizo na undugu zimesafiri njia moja, kutoka kukosa shabaha hadi kukosa kimaadili.

Athari yake kwa tafsiri ni hii: nomino ukosefu inaporudiwa katika kila aya ya ripoti, na wakazi wakawa ndio kiima cha kila sentensi, wenye kasoro huanza kuonekana kuwa ni wao. Wanakosa vyoo, wanakosa elimu, wanakosa usafi. Si lazima mtafsiri awe na nia mbaya. Uzito wa mzizi humfanyia kazi hiyo.

Minyambuliko ya kitenzi hutoa njia ya kutokea. "Maji hukosekana" hukifanya kitu kilichokosekana kuwa kiima na kumwondolea mkazi mzigo. "Wamekoseshwa maji" hudai kwamba yupo aliyesababisha, hata asipotajwa. Pembeni ya kitenzi hiki kuna vingine: kupungukiwa, pale ambapo kipo lakini hakitoshi; kuishiwa, pale ambapo kilikuwapo kikatumika kikamalizika; kuadimika, pale ambapo kinapatikana kwa taabu; na kunyimwa, pale ambapo mwenye nacho amekataa kukitoa. Uhaba na upungufu hulingana na "shortage", wala si sahihi kuvibadilisha na ukosefu kiholela. Penye uhaba maji yapo, na mwenye fedha za kununua mtungi huyapata.

Wakazi wa Nairobi nao wana mgawanyo wao. Husema "maji imepotea" au "stima zimepotea". Mwalimu wa sarufi atasahihisha upatanisho wa sentensi ya kwanza, na atakuwa na haki. Hata hivyo maana yake ni pevu: kinachopotea ni kile kilichokuwa na mahali pake panapojulikana. Kwa hali ya kudumu hutumia kiambishi cha mazoea na kusema "hakuwangi na maji". Tofauti kati ya kukatika kwa leo na kukosekana kwa siku zote imewekwa wazi kwa maneno machache. Mhojaji atakayeandika kauli zote mbili kwa neno "lack" atakuwa ameupoteza ushahidi aliopewa.

Ukosefu wa maumbile na ukosefu wa kunyang'anywa

Tatizo hili liliwashughulisha wanafalsafa zamani. Katika kitabu cha tano cha Metafizikia, sura ya 22, Aristotle anachambua maana mbalimbali za neno steresis, yaani hali ya kutokuwa na kitu. Mmea husemwa kuwa hauna macho, ingawa kwa maumbile yake haukutarajiwa kuwa nayo. Fuko na mtu kipofu nao hawaoni, lakini kwa namna tofauti, kwani binadamu kwa jinsi yake hutarajiwa kuona. Mwishoni anaongeza kwamba kuondolewa kitu kwa nguvu nako huitwa kwa jina hilo. Neno moja la Kigiriki, basi, lilibeba mambo ambayo Kiswahili huyatenga: kutokuwa na, kukosa na kupokonywa.

Uchambuzi huo unatufaa Mathare. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, pamoja na makazi yanayofaa. Haki ikishatamkwa, kutokuwa na maji hakuwezi tena kulinganishwa na mmea usio na macho. Ni kutokuwa na kile kinachotarajiwa. Mwanaharakati atasema wakazi "wamenyimwa". Je, mtafsiri naye aseme hivyo? Kwa mujibu wa Nida na Taber (1969), tafsiri hulenga kisawe cha asili kilicho karibu zaidi na ujumbe wa matini chanzi, kwanza kimaana kisha kimtindo. Iwapo mwandishi wa Kiingereza hakumtaja mtendaji, kuandika "wamenyimwa" ni kuongeza shtaka ambalo hakulitoa. "Hawana" au "hukosekana" vitafaa zaidi. Lakini iwapo matini inasema "denied" au "deprived", kuandika "ukosefu" ni kufuta shtaka lililotolewa, na kufuta huko ni kosa zito sawasawa na kuongeza.

Mfano wa mwaka 2024 unadhihirisha jambo hili. Mwezi wa Aprili Mto Mathare ulifurika, ukaua watu na kusomba nyumba. Mwezi wa Mei serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa karibu na kingo, baada ya kuamuru watu wahame umbali wa mita 30 kutoka mtoni. Kivumishi "homeless" kinawaenea wote bila kuwatofautisha. Kiswahili, kwa kuunganisha kauli ya kutendea na ya kutendwa, kinaweza kusema kwamba hawa walisombewa nyumba na wale walibomolewa nyumba. Wote hawana makao, lakini sarufi inakumbuka kilichompata kila mmoja.

Mtu asiyekuwapo

Uzito wa suala hili huonekana zaidi anapokosekana mtu. Mwaka 2017 Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilichapisha ripoti kuhusu mauaji ya vijana nje ya sheria, na baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha kulikuwa na visa vya vijana kutekwa nchini Kenya. Katika habari za aina hiyo neno "missing" hutafsiriwa "amepotea". Kupotea ni kitendo cha mtu mwenyewe: mtoto hupotea sokoni kwa kuachana na mzazi wake. "Hajulikani aliko" ni sahihi zaidi pale ambapo hakuna ushahidi wa lolote, na kiambishi -ko kinaafiki kutojulikana kwa mahali. "Ametoweka" husisitiza ghafla ya tukio. Pale ambapo ipo sababu ya kuamini kwamba alichukuliwa, kauli ya kusababisha ikitiwa katika hali ya kutendwa hutupa "ametoweshwa", neno linalofaa kwa dhana iliyowekewa mkataba na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2006.

Tafsiri ya kurudi kwenye Kiingereza ina hatari yake pia. Mama anaposema "mwanangu hayuko", anaweza kuwa anamaanisha kwamba ametoka, kwamba hajulikani alipo, au kwamba amefariki na hataki kulitamka neno lenyewe. Mkalimani asikimbilie kisawe. Amwulize, kwa upole na kwa heshima, kabla taarifa haijaandikwa na kutiwa sahihi.

Hitimisho

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Kwa mtafsiri, methali hii ina mafunzo ya kiufundi. Mtendaji asiyekuwapo katika sentensi huondoka na wajibu wake, na mkosaji wa kisarufi hubaki kuwa yule aliyekosa. Tumependekeza maswali matatu ya kuuliza kila neno la ukosefu linapojitokeza. Je, hakipo wapi? Je, kilikuwapo kikaondoka, kilitafutwa kisipatikane, au hakikutarajiwa kamwe? Je, matini chanzi inamtaja aliyekiondoa, inamdokeza, au imenyamaza?

Majibu yatamwongoza mtafsiri kati ya hakuna, kukosekana, kupungukiwa, kupotea na kunyimwa. Pamoja na hayo, tafsiri ya kipeperushi au ripoti inayowahusu watu wa Mathare isomwe kwa sauti mbele ya baadhi yao kabla ya kuchapishwa. Mzungumzaji aliyepanga foleni na mtungi alfajiri ataitambua haraka tofauti kati ya maji yaliyopotea na maji aliyonyimwa, na huenda akatupatia neno ambalo bado halijaingia katika kamusi zetu.