Maziwa ya Ngamia: Simu Imefika, Dumu Limebaki Nyuma

Chukua dumu la njano la lita 20, lile lililokuja na mafuta ya kupikia. Jaribu kuingiza mkono uoshe ndani. Vidole vinafika shingoni, vinakwama. Basi unatia maji, sabuni na kokoto chache, unatikisa, unamwaga, unanusa. Pale karibu na mshikio, plastiki ilipopinda, kumebaki utando mwembamba ambao jicho haliuoni. Utando huo ni mshirika wa siri katika biashara ya maziwa ya ngamia: mtaji hachangii, lakini faida anagawana nawe kila asubuhi.

Naanza na dumu kwa sababu vijana wa Garissa wanaonitafuta kwa ushauri huanza kwingine. Wengi wametoka chuoni, wamerudi nyumbani, na wanataka kufungua duka la vyakula vya kwetu: maziwa ya ngamia mabichi, suusa iliyochachuka vizuri, samli, nyirinyiri, asali, tende, na viungo vya xawaash vilivyosagwa siku hiyohiyo. Wazo ni zuri. Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 nchini Kenya, wengi wao huku kaskazini, na watu wanaotamani ladha hizi wako Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Ila swali la kwanza karibu kila mara ni hili: nitengeneze programu ya simu? Nami huuliza: maziwa yako yanafika Eastleigh, Nairobi, yakiwa na hali gani?

Simu imeshafanya kazi yake, na imeifanya vizuri. Maziwa ya ngamia husafiri kwa kuaminiana, hakuna mkataba unaotiwa saini. Mchungaji anakamua, mama mmoja anakusanya kando ya barabara, makanga anapakia, na kilomita zipatazo 370 mbele, Eastleigh, mama mwingine anapokea na kuuza. Zamani pesa zilirudi kwa njia ileile maziwa yaliyopita, mkononi mwa dereva au kwa ndugu anayesafiri, kesho yake au wiki ijayo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, pesa zikaanza kufika kabla basi halijageuza. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mama ambaye hakuwahi kukaa darasani anaeleza kwa Kisomali dumu lipi ni la nani, na wa upande wa pili anasikiliza mara tatu ikibidi. Hakuna programu iliyobuniwa ofisini ninayoijua ambayo imewafaa wauzaji hawa kuliko kile kitufe cha kurekodi sauti.

Asubuhi moja nilisimama kando ya mama muuzaji wakati makanga kijana akifunga mizigo juu ya gari.

"Eddo, Nairobi wanasema lile la kamba nyekundu limechacha tena."

"La kamba nyekundu si langu. Langu lina kamba ya kijani."

"Basi mwambie mwenyewe. Mimi nabeba tu, sinywi."

Habari ya kuchacha ilikuwa imefika kwa sekunde chache. Maziwa yenyewe yalikuwa yameharibika tangu usiku.

Tupige hesabu, maana biashara nyingi za chakula hufia hapa bila mwenyewe kujua. Tuseme unanunua lita 100 kwa shilingi 100 kila lita, na usafiri pamoja na gharama ndogondogo ni shilingi 2,000. Umetoa 12,000. Ukiuza zote kwa shilingi 150, unapata 15,000, na faida ni 3,000. Sasa lita 15 zichache njiani. Mauzo yanashuka hadi 12,750, na faida inakuwa 750. Umepoteza lita 15 kati ya 100, lakini robo tatu ya faida imekwenda. Sasa chukua yule kijana mwenye programu nzuri na wateja wengi. Anapanda hadi lita 200 bila kubadili dumu. Anatoa 24,000, lita 30 zinachacha, anauza 170 kwa 25,500. Amefanya kazi mara mbili apate 1,500, nusu ya alichopata mwenzake kwa lita 100 safi. Bei hizo nimezitunga ili hesabu ieleweke. Weka zako, utaona umbo la hasara ni lilelile.

Kwa hiyo teknolojia ya kwanza ya kununua ni debe la alumini lenye mdomo mpana, lile ambalo mkono unaingia hadi kiwiko. Linasuguliwa, linasuuzwa kwa maji ya moto, linaanikwa juani likiwa limeinamishwa. Maziwa ya ngamia yana kinga zake za asili zinazoyachelewesha kuchacha kwa saa kadhaa kuliko ya ng'ombe, na hiyo ndiyo iliyowapa mama zetu muda wa kuyasafirisha bila barafu miaka yote. Kinga hiyo lakini ni kama akiba: ukianza na chombo kichafu, unaitumia yote kabla hujafika Mwingi. Kwenye joto la Garissa, ambapo nyuzi 35 ni siku ya kawaida, vijidudu huongezeka maradufu kila nusu saa au hata kabla.

Kupoza kunafuata. Gunia lililoloweshwa maji na kufunikwa juu ya chombo husaidia kuliko watu wanavyodhani, mradi upepo upite. Friza ya sola kwenye kituo cha kukusanyia ni bora zaidi. Nje ya mji wetu kuna mtambo wa umeme wa jua wa takriban megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Anayekusanya maziwa porini upande wa Modogashe hauoni. Itabidi aweke paneli yake mwenyewe.

Wauzaji wa Isiolo wametutangulia hapa. Ushirika wa akina mama wa Anolei hukusanya maziwa kutoka sehemu kama Kulamawe, huyapoza mjini, kisha huyapakia kwenye mabasi ya Nairobi. Na anayetaka kuona mfano mkubwa zaidi aangalie Mauritania. Nancy Abeiderrahmane alipoanzisha kiwanda cha Tiviski mjini Nouakchott mwaka 1989, hakuwa na ngamia hata mmoja. Alinunua maziwa kwa wafugaji wanaohamahama, na nguvu ya kampuni yake ilikuwa vituo vya kukusanyia na kupoza vilivyowekwa karibu na malisho. Rafu za dukani zilijaa kwa sababu ya mashine zilizokuwa mbali na duka.

Baada ya chombo, mkakati. Ninalolisema hapa wengi hulipinga: huwezi kumuuzia kila mtu maziwa yaleyale. Mteja wa Eastleigh, hasa mzee aliyekulia malishoni, anataka maziwa yenye harufu ya moshi. Chombo cha jadi, dhiil, hufukizwa kwa kijinga cha kuni teule, na wauzaji wa leo hufukiza hata madumu ya plastiki. Moshi huo huua sehemu ya vijidudu na kuyapa maziwa ladha ambayo kwake ndiyo maziwa yenyewe. Mpe yasiyo na moshi, atakuuliza kama ni ya unga. Mteja wa pili ni mama wa mtaa wa kitajiri kama Kilimani au Nyali aliyesoma kwamba maziwa ya ngamia hayana ile protini ya beta-laktoglobulini iliyomo kwenye ya ng'ombe. Huyo anataka chupa iliyofungwa, tarehe, lebo, na maziwa yaliyochemshwa kiwandani. Moshi humkimbiza.

Huyu wa pili ana bei nzuri, na ndiye anayewatoa vijana wetu udenda. Lakini kumfikia kunahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa, alama ya ubora ya KEBS, mashine ya kuua vijidudu, na mnyororo wa ubaridi usiokatika. Dubai walimfuata kwa njia hiyo: chapa ya maziwa ya Camelicious ilipoingia sokoni 2006, nyuma yake kulikuwa na shamba kubwa la kukamulia kwa mashine na mtaji mkubwa. Ukiwa na friza mbili Garissa, anza na mzee wa moshi. Tayari anakununulia, anajua kulipa kwa simu, na hatakudai lebo. Mwambie tu ukweli kwamba maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya brusela, na kwamba kuyachemsha nyumbani si dharau kwa ngamia. Wazee wengine hawatanisamehe kwa sentensi hiyo.

Kuna kifaa kingine ambacho kimeleta ugomvi usio na sababu, nacho ni laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha kama maziwa yametiwa maji. Kinafaa. Tatizo ni kwamba wengi wanakisoma kwa kipimo cha ng'ombe. Ngamia aliyekaa muda mrefu bila kunywa hapunguzi maji kwenye maziwa, anayaongeza, ili ndama apate. Watafiti waliowanyima ngamia maji waliona kiasi cha maji kwenye maziwa kikipanda hadi asilimia 91 hivi, na mafuta yakishuka sana. Kwa hiyo wakati wa jilaal, kiangazi kikali, mfugaji mwaminifu anaweza kuitwa mwizi na kipande cha kioo. Nunua kipimo, lakini weka rekodi ya kila mfugaji kwa miezi kadhaa. Maziwa ya mtu yakishuka pamoja na ya jirani zake wote, hiyo ni kiu. Yakishuka ya kwake peke yake, mpigie simu.

Daftari la mistari linatosha kwa rekodi hiyo: tarehe, alama ya kamba, lita, hali ya kufika, bei. Baada ya misimu miwili litakuonyesha jambo ambalo kila mtu analijua na karibu hakuna anayelifanyia mpango. Maziwa hufurika wakati wa mvua, iwe ndefu (gu) au fupi, na wakati huohuo ndipo barabara hufa. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yalikata njia ya Nairobi pale Kona Punda karibu na Madogo, na Garissa ikabaki ng'ambo ya maji. Maziwa yalikuwepo tele. Basi halikuwepo.

Duka lenye akili hugeuza bidhaa msimu huo. Yasiyoweza kuvuka yanachachushwa kuwa suusa kwa kimea kilichotunzwa, si kwa kuachwa yajichachukie ovyo, na yanauzwa humuhumu mjini. Nyama inakuwa nyirinyiri: vipande vidogo vilivyokaushwa, vikakaangwa na kuzamishwa ndani ya mafuta, ambavyo hukaa miezi bila friza. Katika duka la namna hii nyirinyiri ndiyo bidhaa ninayoipenda kuliko zote. Haiogopi jua, haiogopi Kona Punda, na mtu wa Mombasa akiagiza Jumatatu, ikifika Ijumaa haijabadilika. Ukipata oda za mtandaoni, zielekeze huko kwanza. (Aliyeko Minneapolis naye ataagiza. Usimtumie kitu kabla hajauliza forodha ya kwao. Nyama ina masharti yake.) Ramadhani nayo iandikwe kwenye daftari mapema, kwa sababu haifuati kalenda ya mvua: kuna miaka inaangukia kiangazi, maziwa yakiwa machache na midomo mingi, na ni mwenye urafiki wa muda mrefu na wafugaji anayepata.

Usitegemee pia kwamba mtandao utakuwepo. Minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa katika kaunti zetu za kaskazini-mashariki, na kuna vijiji vilivyokaa muda bila mawasiliano. Utaratibu wa kamba za rangi na makanga anayejua sura za watu ubaki ukifanya kazi hata simu zikizimika.

Fedha za kununulia madebe na friza ni suala la peke yake. Mikopo ya papo kwa papo kwenye simu wengi hawaitaki kwa sababu ya riba, na ada zake zinamla hata asiyejali. Hagbad, ule mchango wa mzunguko wa akina mama, umewahi kununua mambo makubwa kuliko friza. Udhaifu wake ni zamu: unaweza kupata fungu lako mwezi ambao hulihitaji. Kundi likikubaliana kwamba mizunguko miwili ya kwanza itanunua vyombo vya pamoja, na si vya mtu mmoja, shida hiyo inapungua.

Sababu ya kweli iliyoliweka dumu la njano sokoni ni urahisi wake. Likipotea, hakuna anayelia. Debe la alumini ni mali, na mali inayopanda basi tupu kutoka Nairobi ina miguu. Ndiyo maana madebe yaliyogawiwa na miradi mara nyingine huishia kubebea maji nyumbani kwa watu.

Saa kumi jioni basi linaposimama, abiria wanashuka wakijinyoosha, na mama yule wa kamba ya kijani hawaangalii. Anaangalia juu ya gari. Alituma madebe manane. Makanga anateremsha moja moja, naye anahesabu kwa vidole: sita. Anafungua vifuniko, ananusa kila moja, anayapanga kivulini. Kisha anatoa simu, anabonyeza kitufe cha sauti na kuisogeza mdomoni.

"Walaal, yamerudi sita. Yale mawili, nitajie nani ameyashika."