Kitabu cha ndege: kipi kinastahili pesa yako?

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, nunua Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe. Kilitoka 2002, na toleo la pili likafuata 2020. Kina spishi zaidi ya 1,300 za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Picha zinatazamana na maelezo na ramani, hivyo huhangaiki kupekua kurasa wakati ndege anakaribia kuruka.

Mshindani wake mkubwa ni Birds of Kenya and Northern Tanzania cha Zimmerman, Turner na Pearson, kilichotoka mara ya kwanza 1996. Kwa mkazi wa Nakuru au Arusha ni kitabu kizuri sana. Mkazi wa Iringa asikichukue. Kwale wa milima ya Udzungwa, aliyegunduliwa na wanasayansi 1991 tu, anaishi nje kabisa ya eneo la kitabu hicho, na si yeye peke yake. Utalipa bei kamili, kisha ndege wa msitu ulio jirani nawe usiwaone humo.

Ukipata toleo la 2002 kwa wauza vitabu vilivyotumika, lichukue bila wasiwasi. Baadhi ya majina yamebadilika na ramani zimeboreshwa, lakini mwewe hajabadilisha manyoya. Kagua tu kwamba hakuna kurasa za picha zilizochanwa.

Programu ya Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni ya bure. Unalipia bando la kupakua pakiti ya eneo lako na unahitaji nafasi kwenye simu. Baada ya hapo inafanya kazi hata porini pasipo mtandao. Itumie, ila isiwe mwalimu wako wa pekee. Kitabu kinawapanga wanaofanana pamoja, ukalazimika kutazama mdomo, miguu na mkia hadi utofauti ukukae kichwani.

Aliye Nairobi afikirie kwanza ada ya uanachama wa Nature Kenya, jumuiya iliyoanzishwa 1909. Matembezi yao ya Jumatano asubuhi yanakukutanisha na watu wanaojua ndege kwa sauti.

Inanisikitisha kwamba vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza. Kwa shule, nakala moja na mwalimu wa kutafsiri vitafaa darasa zima, na pesa inayobaki iwekwe kwa ajili ya darubini ya 8x42.