Vijana Wetu na Usaili wa Kampuni za Kompyuta

Alitujia kijana mmoja wa hapa Nyegina, ambaye tulimsomesha tangu alif na be, kisha akaenda shule, akafika hata chuo kikuu akasomea mambo ya kompyuta. Hakuja kutaka dua wala barua ya sifa. Alikuja kuomba chumba. Alikuwa ameitwa katika usaili wa kazi na kampuni iliyo mbali, nao usaili wenyewe hufanywa kwa simu yenye kuonyesha picha, na kwao watoto hawanyamazi wala kuku hawanyamazi. Tukampa chumba cha madrasa baada ya adhuhuri, wanafunzi walipokwisha kwenda zao.

Sisi elimu yetu ya shule ilikoma darasa la saba, na kompyuta hatuijui; lakini mtihani twaujua. Tulikaa barazani tukingoja. Alipotoka shati lake lilikuwa limelowa, akatueleza kwamba huo ulikuwa mlango wa nne. Kwanza alijaza fomu, kisha akapimwa hesabu kwa saa yenye kuhesabu kurudi nyuma, kisha akapewa kazi ya kutengeneza programu nzima nyumbani, akakesha siku tatu bila ya ujira, ndipo akahojiwa. Yapata wiki sita zote. Mpaka tunaandika haya hawakumjibu ndiyo wala la. Nasi twasema wazi: mtu aliyekufanyia kazi siku tatu ana haki ya jibu, lijapokuwa chungu.

Jambo hili si la kijana wetu peke yake. Huko Marekani kampuni ya Google ilikuwa na desturi ya kuwauliza waombaji mafumbo, mathalan: ndege moja yaweza kujaa mipira mingapi ya gofu? Mwaka 2013 mkuu wake wa mambo ya wafanyakazi, Laszlo Bock, alikiri hadharani kwamba maswali ya namna hiyo ni kupoteza wakati bure, wala hayaonyeshi nani atafanya kazi vyema. (Wazee wetu nao hutega vitendawili usiku, lakini hawamnyimi mtu ugali kwa sababu ameshindwa kutegua.)

Karibu na kwetu, kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014 ikafika Nairobi mwaka 2015 na baadaye Kampala, ilijulikana kwa wembamba wa mlango wake. Mwombaji alipimwa akili, akahojiwa, kisha akawekwa katika majaribio ya wiki mbili huku akitazamwa. Na katika waombaji 100 hakupita hata 1 kamili. Waliopita walilipwa huku wakijifunza, na hilo ni jema. Walakini mwezi wa Septemba 2019 vijana wapatao 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda waliachishwa kazi, kwa kuwa wateja walitaka mafundi wazoefu.

Lililotushughulisha zaidi ni la Nairobi, mji ambao kijana wa Musoma huufikia kwa basi, kupitia Tarime na Sirari. Huko kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, wachuje yale yanayotiwa na watu katika Facebook. Mmoja wao, Daniel Motaung, alitoka Afrika ya Kusini mwaka 2019. Mwezi wa Mei 2022 aliishtaki Sama pamoja na Meta, wenye Facebook, mbele ya mahakama ya Kenya, akidai kwamba alipoajiriwa hakuelezwa kuwa atakaa akitazama picha za watu wakiuawa, na kwamba nafsi yake imeumia kwa hayo. Mwaka 2023 wenziwe zaidi ya 180 wakashtaki nao. Kampuni zilijitetea, Sama ikaiacha kazi hiyo ya kuchuja mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa huko, ingawa makao yake yako Marekani.

Hatuwezi kutangulia kadhi katika hukumu. Ila fiqhi yetu yataka kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla ya watu kufungamana. Hapa ziwani mwenye mtumbwi hamwiti mtu kushona nyavu, kisha akamsukuma ndani usiku avue dagaa katika mawimbi. Humwambia mapema, naye akipenda huja, asipopenda hukaa. Twauliza: je, mtu wa mtumbwi aweze hayo, na kampuni yenye mali ya dunia isiweze?

Kwa wenye mabinti kuna khabari nyingine. Amazon ilianza mwaka 2014 kuunda mashine ya kuchambua barua za waombaji. Mashine ilijifunza kwa barua za miaka 10, nyingi zikiwa za wanaume, basi ikawa yawashusha daraja wanawake. Kampuni ikaiacha, na khabari ikatangazwa mwaka 2018. Mashine haina chuki. Ilifuata ya waliotangulia.

Nao matapeli hawakulala. Hujifanya kampuni, humwita kijana usaili, kisha humtaka atume fedha kwa simu. Mzazi akisikia ada ya usaili, na ashike mfuko wake.

Kijana wetu ameitwa tena, na kampuni nyingine, siku ya Alhamisi saa tisa. Safari hii ametuonyesha karatasi aliyoandika maswali yake mwenyewe: kazi yenyewe ni ipi khasa, ni saa ngapi kwa siku, aliyeishika kabla yake aliiacha kwa nini, na jibu atalipata lini. Chumba tumempa. Wanafunzi wa jioni tumewaambia wachelewe nusu saa.