Mkalitusi na Maji ya Bondeni

Mtu apitaye katika vilima vya Kisii na Nyamira huona mikalitusi imesimama safu safu, mingine juu mlimani, mingine chini kabisa kando ya chemchemi. Mti ni ule ule, lakini kazi uifanyayo katika mahali hapo pawili si moja, na sababu yake imo katika maumbile ya mti wenyewe.

Asili ya mkalitusi ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za magari ya moshi ya Reli ya Uganda, nao ukapendwa kwa kuwa hukua upesi. Lakini kikuacho upesi hunywa sana. Majani yake hayapukutiki yote wakati wa kiangazi, basi huvuta maji mwaka mzima, na mizizi yake huyafuata mbali kuliko mizizi ya mahindi. Kuupanda bondeni ni kama kuutia miguu ndani ya mtungi.

Tena litazameni jani lake. Ni gumu, lina mafuta yanukayo, na wadudu wa udongoni hupata chakula kidogo ndani yake. Likianguka huoza polepole. Majani mengine huota kwa shida chini ya mti huo, na udongo ulio wazi huchukuliwa na mvua. Omotembe, mti wa kwetu wenye maua mekundu, una tabia nyingine: hupukutisha majani wakati wa kiangazi, ukapumzika kunywa, na mizizini mwake wamo vijidudu wageuzao hewa kuwa mbolea.

Nayo mafunjo yaliyosongamana hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, vyura na ndege wakapata makao, na maji yakafika Mto Gucha yakiwa safi zaidi. Yakiondolewa ili kupanda mikalitusi, hao wote huhama.

Si kwamba mkalitusi ni mti mbaya. Umewapa watu nguzo, kuni za viwanda vya chai, na karo za watoto. Mahali pake ni mlimani, mbali na maji. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, Bwana John Michuki, aliagiza iliyo karibu na maji iondolewe.

Lakini aukataye ajue kwamba kisiki chake huchipua. Akikiacha, baada ya miaka michache atakuta miti mitatu au minne mahali pa mmoja. Sharti avunje machipukizi kila yatokeapo, mpaka kisiki kife.