Ukimeza tamoksifeni, chunga miguu
Wanawake wengi wenye saratani ya matiti humeza tembe za tamoksifeni, kwa kawaida miligramu 20 kila siku, kwa miaka 5 au hata 10. Wengi hulalamikia joto la ghafla na jasho usiku. Yanaudhi, kweli, lakini usiache dawa kabla ya kumwona daktari; saratani yaweza kurudi.

Hofu yangu mimi ni mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla. Huenda damu imeganda mshipani. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyekoma hedhi akitokwa na damu, hata tone, apimwe mji wa mimba. Usishike mimba ukiitumia. Ukiandikiwa dawa ya mfadhaiko, mwambie daktari unameza tamoksifeni. Baadhi, kama paroksetini, huipunguza nguvu.