Je, Wajua? Nukta, Mkato na Namba za Marejeo ya Kemia

Kimara imejaa mageto ya wanachuo. Asubuhi wanagombania mwendokasi hadi Ubungo, waunganishe kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jioni wanarudi na rasimu zilizochorwa wino mwekundu wa msimamizi. Kwa wa kemia, wino huo hukolea zaidi kurasa za mwisho: marejeo. Haya hapa ya kukupunguzia wino.

Je, wajua kwamba Chama cha Kemia cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1876, kinakubali njia tatu za kutaja chanzo? Namba ndogo juu ya mstari, namba ya mlazo ndani ya mabano, au jina la mwandishi na mwaka. Chagua moja, usichanganye.

Je, wajua kwamba namba hufuata zamu ya kutajwa? Chanzo cha kwanza ni 1, na kitabaki 1 hata ukikirudia sura ya tano.

Je, wajua kwamba namba ya juu inaweza kukuumbua? Ibandike 2 ya rejea kwenye "cm", msomaji ataona sentimita ya mraba. Ibandike kwenye alama ya elementi, ataidhania chaji. Ihamishie mwisho wa sentensi, baada ya nukta.

Je, wajua kwamba ufupisho wa jina la jarida hauchezewi? *J. Am. Chem. Soc.* ni jarida la Wamarekani, lililoanza 1879. Ukidondosha hiyo "Am." unabaki na *J. Chem. Soc.*, jarida jingine kabisa, la chama cha London. Jina la neno moja, kama *Nature*, halifupishwi.

Je, wajua kwamba ndago, magugu yanayotusumbua bustanini, yamo kwenye marejeo ya kemia duniani? Mayunga Nkunya, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake walipima mimea ya dawa ya Tanzania dhidi ya vimelea vya malaria, *Cyperus rotundus* ikiwemo. Rejea yao, bila kichwa cha makala, ni hii:

Weenen, H.; Nkunya, M. H. H.; Bray, D. H.; Mwasumbi, L. B.; Kinabo, L. S.; Kilimali, V. A. E. B. *Planta Med.* **1990**, *56*, 368–370.

Ichunguze. Nukta-mkato hutenganisha mwandishi na mwandishi. Mkato hutenganisha jina la ukoo na herufi za mwanzo. Mwaka una herufi nzito. Namba ya mlazo ni juzuu, zinazofuata ni kurasa. Kila alama ina kazi yake.

Je, wajua kwamba Waingereza huigeuza? Kwa mtindo wa Chama cha Kifalme cha Kemia, herufi za mwanzo hutangulia: H. Weenen, M. H. H. Nkunya, na kuendelea.

Je, wajua kwamba majina yetu matatu, la mtu, la baba na la babu, huzichanganya programu za marejeo? Zenyewe hushika la mwisho kuwa la ukoo. Ukisaini makala moja kwa majina mawili na nyingine kwa matatu, utahesabiwa watu wawili. Namba ya ORCID, iliyoanza kutolewa 2012, ina tarakimu 16 na hukutambulisha wewe tu.

Je, wajua kwamba kila DOI, namba ya kudumu ya makala mtandaoni, huanza na 10? Ukiona 10.1021, ni Chama cha Kemia cha Marekani, 10.1039 ni cha Uingereza; 10.4314 ni AJOL, hazina ya majarida ya Afrika, ambamo limo *Tanzania Journal of Science* la Mlimani.

Je, wajua kwamba namba ya CAS, inayotambulisha kemikali, hujikagua yenyewe? Chukua eujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu: 97-53-0. Acha tarakimu ya mwisho, anzia kulia: 3×1, 5×2, 7×3, 9×4. Jumla ni 70. Inaishia na 0, sawa na tarakimu uliyoiacha. Ingekuwa tofauti, ujue umekosea kunakili.

Je, wajua kwamba programu ya Zotero, iliyotoka 2006, hupanga marejeo bure? Lakini usiilalie. Mara nyingi fomula kwenye kichwa cha makala huingia na 2 ya H₂O ikiwa imepanda mstarini, na mlazo wa jina la mmea ukiwa umepotea. Hayo ni ya kusahihisha kwa mkono.

Kabla hujaipeleka tasnifu steshenari kutiwa jalada, chagua rejea chache uzitafute kwa maelezo uliyoandika tu, bila kitu kingine. Isiyopatikana irekebishe, na kama hukuisoma, iondoe.